Penye Miti Hapana Wajenzi: Kilima cha Buru na Ugomvi wa Mataifa Makubwa

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa mtaani Kondele, Kisumu, mbele ya mafundi wa simu na pikipiki, wavuvi, wazazi na wageni wetu kutoka Muhoroni. Mvua iliwazuia wengi kufika, hasa wa upande wa Ahero, nao wameniomba niiandike yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Wazee wetu, kina mama, mafundi, vijana, hamjambo? Wageni wetu mliotoka Muhoroni na Koru kwa matatu ya asubuhi, karibuni sana. Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya ugomvi wa Marekani na China, na kwa nini unatugusa sisi tunaonunua vipuri hapa Kisumu. Nitafika huko. Niruhusuni nianze na taa.

Nani hapa amewahi kusimama ufuoni Dunga usiku wa giza, mwezi haujatoka? Inueni mikono nione. Wengi. Basi mmeziona taa za wavuvi wa omena, zimetandaa juu ya maji mpaka mgeni anadhani kuna mji upande ule. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Ila wazee hawa walioketi mbele walivua kwa karabai. Mnaukumbuka utambi wake? Kimfuko cheupe cha kitambaa laini. Unakifunga, unakichoma kwanza, kinabaki jivu tupu lililoshika umbo la mfuko. Ukiligusa kwa ncha ya kidole limevunjika, na usiku wako umeharibika.

Jivu lile ndilo lililotoa mwanga. Mafuta ya taa yalileta joto tu. Jivu likishika joto, ndilo lililong'aa nyeupe. Utambi wa zamani ulitengenezwa kwa thori, aina ya metali, na ndani yake metali nyingine, seri, kidogo sana, kama asilimia 1. Ukiiondoa hiyo asilimia 1, mwanga unafifia. Aliyeubuni ni mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, mwishoni mwa karne ya 19. Shikeni jina hilo, nitalirudia.

Sasa chukua taa ya sola ya leo, ile ya LED. Ndani yake mna kijitaa cha buluu kilichofunikwa kwa unga wa manjano. Buluu na manjano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Unga huo wa manjano mara nyingi umetengenezwa kwa itri na seri.

Mmesikia? Seri tena. Babu alivua omena kwa mwanga wa seri, na mjukuu anavua omena kwa mwanga wa seri. Seri na itri zote mbili ni katika yale yanayoitwa madini adimu, ambayo leo marais wanakutana kuyagombania. Zaidi ya kizazi kimoja madini hayo yamekuwa yakitumika juu ya ziwa letu. Je, yuko aliyewahi kuwaambia?

Mimi ni mwalimu wa kemia, na sikuwaambia. Nalisema hili kwa uchungu. Kuna mwaka nilikuwa nafundisha Kidato cha Pili. Nimechora jedwali la elementi ubaoni, na chini kabisa kuna zile safu mbili zilizotengwa, kama watoto walioketi sakafuni kwa sababu viti vimekwisha. Kijana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, hizi za chini ni za kazi gani?" Nikamjibu, "Hizo haziji kwenye mtihani." Nikageukia ubao. Kijana huyo yuko hapa leo. Ni fundi wa simu, kibanda chake hakiko mbali na mlango huu, na kila siku anafungua kwa mikono yake vifaa vyenye elementi zile za safu ya chini. Nimemwomba radhi kabla ya mkutano, na sasa naomba radhi mbele yenu.

Yeye ndiye aliyenipa hiki nilichoshika. Kimetoka kwenye diski kuu ya kompyuta iliyokufa. Nitakipitisha, kila mtu akishike, ila aliyewekewa kifaa cha moyo asikiguse, na kadi za benki ziwekeni mbali. Oneni: ni kipande chembamba, kimepinda kidogo kama ganda la tikiti, kimepakwa nikeli inayong'aa. Sasa nakigusisha hii spana. Naiachia. Mnaona? Spana nzima inaning'inia. Ukiwa na vipande viwili, usiviache vikutane na ngozi yako katikati. Fundi wetu ana alama kidoleni.

Hii ni sumaku ya neodimi. Ni chuma, boroni kidogo, na karibu asilimia 30 neodimi na ndugu zake wa madini adimu. Iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu wakati mmoja Japani na Marekani. Imo katika spika ya simu yako. Imo katika kile kinachoifanya simu itetemeke mfukoni. Imo ndani ya gurudumu la pikipiki ya umeme, na hapo huongezwa disprosi kidogo, ndugu mwingine wa madini adimu, ili sumaku isilegee mota ikipata moto. Imo katika mitambo mingi ya upepo, katika makombora na katika ndege za kivita. Ndege moja ya F-35 inakadiriwa kubeba zaidi ya kilo 400 za madini haya. Ndiyo maana majenerali nao wanakosa usingizi.

Elementi zenyewe ni 17. Jina "adimu" linatudanganya. Seri ni nyingi ardhini kuliko risasi. Kama ni nyingi hivyo, ugomvi ni wa nini?

Sikilizeni habari ya pacha.

Mwaka 1841 mkemia wa Uswidi, Carl Mosander, alidhani amepata elementi mpya. Akaiita didimi, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya pacha, kwa sababu iliandamana na nyingine kama pacha na mwenzake. Miaka 44 wakemia waliiamini kuwa ni elementi moja. Mwaka 1885 Auer von Welsbach, ndiyo, yule yule wa utambi wa karabai, akaitenganisha ikatoka mbili: neodimi na praseodimi. Zilikuwa zimelala pamoja muda wote huo na hakuna aliyezijua kuwa ni mbili. Hapa kwetu pacha akitangulia ni Opiyo, akifuata ni Odongo, na hata jirani anawajua kwa majina. Lakini wavisheni nguo moja, wapeni sauti moja, mwendo mmoja, kisha wachanganyeni na ndugu zao wengine 15 wanaofanana nao. Nani atakuchagulia Opiyo?

Hapo ndipo penye kazi yote. Kuchimba si kazi ngumu, mtu yeyote mwenye tingatinga atachimba. Kutenganisha ndiko kunakoshinda watu. Jiwe linasagwa, linayeyushwa kwa asidi, kisha maji yake yanapitishwa pamoja na mafuta maalumu katika tangi moja baada ya jingine, mamia ya matangi. Katika kila tangi mmoja wa pacha huegemea mafuta kidogo tu kuliko mwenzake. Kina mama mnaopepeta mchele wa Ahero mnanielewa vizuri kuliko maprofesa: ungo wa kwanza hautoshi, unapepeta tena, unapepeta tena. Ila hapa unapepeta mara mamia, na ukikosea kipimo cha asidi katika tangi la arobaini, yote yaliyofuata yameharibika.

Nani alijifunza kupepeta hivyo?

Mwaka 1951 kijana wa Kichina aitwaye Xu Guangxian alimaliza shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Angeweza kubaki. Akarudi nyumbani kufundisha Chuo Kikuu cha Peking. Mwaka 1972 akapewa kazi ya kutenganisha pacha wale wale, neodimi na praseodimi. Wakati huo nchi yake iliuza madini ghafi kwa bei ya chini na kuyanunua tena yakiwa yamesafishwa, kwa bei ya kuumiza. Mwalimu huyu akakaa chini na hesabu zake akaunda nadharia inayomwambia mhandisi aweke matangi mangapi na amimine nini wapi, bila kubahatisha kwa miezi. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalistahi kuliko nadharia yenyewe: aliandaa mafunzo, akawaita watu wa viwanda, akawafundisha. Ujuzi haukubaki kwenye kabati la chuo. Ulisambaa viwandani. Mwaka 2008 alipewa tuzo kubwa kuliko zote za sayansi nchini mwake, na uzeeni alikuwa akiiandikia serikali kuionya isiyauze madini hayo kwa fujo na kwa bei ya kutupa. Alifariki mwaka 2015.

Leo, katika kila tani 100 za madini haya zinazochimbwa duniani, China inachimba kama 70. Katika kusafisha inafanya kama 90. Sumaku nazo ni hivyo hivyo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, nacho kisu hicho kilinolewa darasani.

Je, Marekani haikuwa na madini? Ilikuwa nayo! Kuna mgodi unaitwa Mountain Pass, California, uliogunduliwa mwaka 1949. Tangu miaka ya 1960 rangi nyekundu kali katika televisheni za rangi ilitokana na europi, nayo ni katika madini adimu, na mgodi huo ndio uliolisha dunia kwa miaka. Kisha maji machafu yenye mionzi yakavuja jangwani miaka ya 1990, bei ya China ikawa chini, na mwaka 2002 mgodi ukafungwa. Kampuni ya magari ya General Motors, iliyoshiriki kugundua sumaku hii hii mnayopitisha, iliuza kitengo chake cha sumaku mwaka 1995 kwa wawekezaji waliokuwamo Wachina. Miaka michache baadaye kiwanda cha Indiana kikafungwa, kazi ikahamia China.

Mgodi ule ulifufuliwa. Lakini jamani, mnajua kilichokuwa kikitokea baada ya kufufuliwa? Marekani ilichimba mawe California, ikayapakia melini, ikayapeleka China kusafishwa! Taifa lenye pesa kuliko yote duniani lilikuwa linasafirisha udongo wake kama mkulima wa miwa asiye na kiwanda. Watu wa Muhoroni, hilo mnalijua. Miwa iko shambani, imekomaa, inakauka, na kiwanda kimezimwa. Mwenye miwa anampigia magoti mwenye kiwanda.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Septemba 2010 mashua ya uvuvi ya Kichina iligongana na meli za walinzi wa pwani ya Japani, karibu na visiwa ambavyo nchi zote mbili zinavidai. Nahodha akakamatwa. Wavuvi wa hapa mnaokamatwa mkivuka mpaka wa ziwa mnaijua hali hiyo. Kwa kawaida mambo huishia kwa faini na nyavu kuchukuliwa. Safari hii shehena za madini adimu zilizokuwa zikienda Japani zilikwama bandarini kama miezi miwili. Japani ilitegemea China kwa karibu asilimia 90. Haikuwa na mgodi wake hata mmoja. Nahodha aliachiliwa Septemba hiyo hiyo.

Walifanya nini Wajapani baada ya hapo? Hili linanigusa. Walijua hawana mawe, wakashughulikia kila kitu kingine. Mwaka 2011 waliikopesha kampuni ya Lynas ya Australia dola milioni 250 ili ichimbe na kusafisha nje ya China, kwa masharti kwamba Japani itauziwa. Wakatafuta njia ya kutumia kidogo. Mwaka 2016 Honda na kampuni ya chuma ya Daido walitangaza sumaku ya mota isiyohitaji disprosi kabisa. Wakachukua taka za viwandani wakazirejesha. Utegemezi ukashuka kutoka karibu asilimia 90 mpaka kama 60. Bado ni mwingi, ndiyo, lakini angalieni kazi iliyofanywa na nchi isiyo na jiwe.

Na mwaka 2025? Tarehe 2 Aprili Rais Trump alitangaza ushuru mkubwa kwa bidhaa za karibu dunia nzima. Tarehe 4 Aprili China ikajibu: aina saba za madini adimu, na sumaku zake, hazitoki bila leseni. Siku mbili tu! Mwezi Mei Ford ilisimamisha kiwanda cha Chicago kwa wiki moja kwa kukosa sumaku. Suzuki ikasimamisha gari la Swift. Na Bajaj, hao hao wa pikipiki za Boxer mnazoendesha, mwezi Julai walionya kwamba mwezi Agosti huenda wasiunde skuta ya umeme hata moja. Gari zima lipo, mabodi, viti, rangi, kila kitu, halitoki kiwandani kwa sababu ya kipande kinachotosha kiganjani.

Oktoba wakakazana tena. China ikaongeza aina tano kwenye orodha, Trump akatishia ushuru wa asilimia 100, na tarehe 30 Oktoba wakuu hao wawili wakakutana Busan, Korea Kusini, wakasimamisha hatua zile mpya kwa mwaka mmoja. Masharti ya leseni ya mwezi Aprili hayakuondolewa.

Marekani yenyewe imejifunza nini? Julai 2025 Wizara yake ya Ulinzi ilikubali kuweka dola milioni 400 katika kampuni ya mgodi ule wa California, na ikaihakikishia bei isiyopungua dola 110 kwa kilo ya neodimi na praseodimi. Soko likishuka, serikali inalipa tofauti. Nawaomba mlikumbuke hili siku mtakapoambiwa kwamba kiwanda hapa kwetu hakiwezekani kwa sababu soko halikubali. Hao waliotufundisha habari za soko huria wameweka bei ya serikali.

Watu husema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nimeisikia mara tatu tangu niingie ukumbini. Leo siitaki. Nyasi hazina kitu ambacho fahali anakihitaji zaidi ya kula. Sisi tumekalia mawe wanayoyatafuta.

Narudi nyumbani. Vilima vyetu vya upande huu wa ziwa ni masalio ya volkano za aina ya pekee, zilizomwaga chokaa iliyoyeyuka badala ya lava ya kawaida. Wanajiolojia huita mwamba huo karbonatiti. Mlima Homa ni huo. Vilima vya Ruri ni hivyo. Chokaa ya Koru inatoka katika volkano za namna hiyo. Na kilima cha Buru, upande wa Muhoroni, kimo katika maandishi ya wanajiolojia kuwa kina madini adimu. Miamba ya aina hii ndiyo inayochimbwa Mountain Pass. Haina maana kwamba kesho kutakuwa na mgodi. Mwamba kuwa na madini ni jambo moja, kuwa nayo kwa kiwango cha kulipa gharama ni jingine. Lakini watu watakuja na mifuko ya kuchukulia sampuli. Baadhi yenu mmeniambia mmeshaona magari.

Wakija, mkumbuke Kakamega.

Mwaka 1930 serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya ardhi za Waafrika. Ikaahidi kwamba ardhi hiyo ni yao milele, na kipande kikitwaliwa, kingine cha thamani sawa kitatolewa. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, wachimbaji wakamiminika na mahema yao. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa harakaharaka: ardhi ya dhahabu ingeweza kutwaliwa bila kutoa ardhi nyingine, malipo ni pesa basi. Ile milele ilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman ulichimbwa mpaka mwaka 1952. Jina limebaki, ukipanda matatu Kakamega leo utasikia makanga anaita Rosterman. Mashimo yamebaki. Nimetafuta sana mzee mmoja aliyefundishwa pale kazi ya kusafisha dhahabu, siyo kusukuma toroli, kusafisha, na sijampata.

Mkumbuke pia Mrima, Kwale. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na chini yake mna niobi, metali ya kuimarisha chuma, na madini adimu. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba yaliyomo yana thamani ya dola bilioni 62.4. Mwaka huo huo serikali ikafuta leseni yake. Kampuni ikaishtaki Kenya katika baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia. Mwaka 2018 Kenya ikashinda. Kwa nini ilishinda? Kwa sababu leseni ilitolewa kinyume cha sheria, bila tathmini ya athari kwa mazingira kuidhinishwa, juu ya msitu uliohifadhiwa. Mama mmoja hapa aliniuliza wiki iliyopita kama karatasi za mazingira zina faida yoyote. Mama, karatasi hiyo iliyokosekana ndiyo iliyoiokoa nchi nzima isilipe.

Tumekuwa na titani pia. Kwale ilichimba mchanga wa titani tangu mwaka 2013 mpaka Desemba 2024 ulipokwisha. Mchanga ulipandishwa meli ukiwa mchanga. Sasa mgodi umefungwa, na rangi ya nyumba yenye titani bado tunainunua dukani.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa anachouza, ugawanywe: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii ya mahali penye mgodi 10. Vizuri. Lakini asilimia 10 ya nini? Mrabaha unahesabiwa kwa thamani ya kilichouzwa. Ukiuza jiwe lililosagwa, unagawana mrabaha wa jiwe lililosagwa. Thamani kubwa inazaliwa kwenye matangi yale mamia, na baadaye kwenye sumaku, na huko hakuna kifungu kinachokutaja. Kwa hiyo tukiitwa barazani, tusiishie kuuliza "asilimia yetu ni ngapi?" Tuulize nani atasafisha, na wapi, na watoto wetu wangapi watasoma kazi hiyo kabla jiwe la kwanza halijatoka. Na kifungu cha 71 cha Katiba kinataka mikataba ya rasilimali ipitishwe na Bunge. Mbunge wako ana kura juu ya kilima chako. Muulizeni sasa, kabla hajaufumba mkono huo.

Ila siwezi kuwaambieni habari ya kusafisha nikanyamaza juu ya uchafu wake. Nitakuwa nimewadanganya. Karibu na mji wa Baotou, kaskazini mwa China, kuna bwawa la mabaki ya kiwanda lenye ukubwa wa kama kilomita 10 za mraba. Ni tope jeusi lenye asidi, metali nzito na thori yenye mionzi, na wakulima wa vijiji vilivyo karibu waliacha mashamba yao. Hiyo nayo ni sehemu ya ile asilimia 90.

Watu wa Ahero hawakufika leo kwa sababu ya mvua, kwa hiyo niwasemee. Maji ya Muhoroni yanaingia mto Nyando. Nyando unapita kwenye mpunga wa Ahero. Nyando unaingia ghuba ya Winam. Nyando hufurika, na ukifurika hauulizi bwawa la nani. Bwawa la namna ile likipasuka juu ya Muhoroni, litafika kwenye sahani ya omena. Basi kama kiwanda cha kusafisha kitajengwa, kijengwe mahali ambapo mafuriko hayafiki, na mchoro wa bwawa uoneshwe kwa wavuvi wa Dunga sawa na wenye ardhi ya Buru. Wavuvi hawana hati ya ziwa, lakini wao ndio watakaokula kitakachoshuka.

Mafundi, sasa nazungumza nanyi. Mawe bora yanayochimbwa duniani yana asilimia chache tu za madini haya. Hiyo sumaku inayozunguka ukumbini, niliwaambia ina ngapi? Karibu 30! Sumaku zilizomo katika rundo la diski mbovu, spika zilizokufa na mota za skuta nyuma ya vibanda vyenu ni machimbo yenye utajiri kuliko kilima cha Buru, kilo kwa kilo. Na mnafanya nini nazo? Mnunuzi wa chuma chakavu anaichukua kwa bei ya chuma, au anaitupa kwa sababu inanata kwenye mizani yake. Sisemi mtatajirika kwayo kesho. Nasema hapo ndipo tunapoweza kujifunza, bila kungoja mwekezaji wala kuchimba shimo.

Wiki mbili zilizopita mimi na yule kijana wa swali tulijaribu. Tulikuwa katika maabara ya shule, madirisha wazi kwa sababu asidi ikila chuma inatoa gesi inayowaka. Tulipasha sumaku sita kwenye moto wa jiko mpaka nguvu yake ikaisha. Zilipopoa, zilianguka mezani kama kokoto. Tukazivunja kwa nyundo, tukaziloweka katika asidi ya salfuri iliyozimuliwa. Usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa kijani hafifu kwa sababu ya chuma. Tukaongeza chumvi ya salfeti ya sodiamu, tukapasha polepole. Nusu saa hakuna kitu. Nilidhani tumeshindwa. Kisha yeye akaniambia, "Mwalimu, angalia chini." Chini ya bika unga ulikuwa unatua, mwepesi kama vumbi la ugali. Tukauchuja, tukauosha, tukauanika.

Ulikuwa robo kijiko cha chai. Opiyo na Odongo bado wamo humo pamoja, kuwatenganisha hatujui bado. Asidi tuliyotumia iligharimu zaidi ya unga wenyewe. Lakini ni mara yangu ya kwanza kuiona neodimi iliyotoka mikononi mwa mtu wa Kisumu, na nimefundisha kemia miaka mingi.

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi maabara itakuwa wazi. Leteni diski mbovu, spika, chochote chenye sumaku inayong'aa. Wanafunzi waje na miwani ya kujikinga, wasio nayo tutagawana. Wageni wa Muhoroni, kama mna jiwe kutoka Buru lililookotwa juu ya ardhi, lileteni pia, tuliangalie.

Sumaku irudi mbele sasa, tafadhali, imekaa sana kwenye safu ya vijana. Badala yake nawapa chupa hii. Ni ule unga. Msiifungue. Mzee, anza wewe: isogeze dirishani, kwenye mwanga wa jua. Ni waridi, siyo? Sasa ilete huku chini ya taa hii ya tubu. Waambie wenzako umeona rangi gani.